Moyo ukisimama, mikono itangulie dawa

Wananchi wa Kinampanda, katika wilaya ya Iramba, wamezoea kuwaona vijana wakija kutoka pande mbalimbali za nchi kujifunza kazi ya ualimu, na baada ya muda kutawanyika tena, kila mmoja na kituo chake. Chuo cha Ualimu Kinampanda, ambacho chimbuko lake ni kazi ya misheni ya Kilutheri, kimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo jambo lolote linalofundishwa vyema katika chuo hicho halibaki katika nyanda za juu za Iramba. Linafika Kigoma, linafika Mtwara, linafika kila penye ubao na chaki. Hii ndiyo sababu mjadala mmoja wa kitaalamu, ambao kwa miaka mingi umeendelea katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, wafaa ufuatiliwe Kinampanda kwa makini. Mjadala huo unahusu dakika hasa ya kumpa dawa mtu ambaye moyo wake umesimama.

Kwa mtazamo wa juu juu hilo ni suala la nchi tajiri. Linazungumzia magari ya wagonjwa yanayofika mlangoni kwa dakika saba, wahudumu waliofunzwa kutafuta mshipa huku gari likiyumba, na sanduku la dawa ambalo halipungukiwi. Mwananchi wa Iramba aweza kuuliza, kwa haki kabisa, yeye anahusikaje. Hata hivyo, majibu yaliyopatikana huko baada ya gharama kubwa na uchunguzi wa miaka mingi yanamhusu mtu wa kijijini pengine kuliko mtu wa London.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Moyo unaposimama ghafla, mtu huanguka, akiitwa hajibu, na ama hapumui kabisa au huvuta pumzi moja moja za kukoroma ambazo huwadanganya walio karibu wakadhani amelala au amezimia tu. Ubongo wake huanza kudhurika katika muda wa dakika nne hadi sita. Dawa ya kwanza ambayo waganga duniani kote huitumia hapo ni adrenalini, kipimo cha miligramu 1 mshipani, ikirudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Kazi yake ni kuibana mishipa ya damu ya sehemu nyingine za mwili ili shinikizo lipande, na damu ipate kuingia katika mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kanuni za wataalamu zinatofautisha hali mbili. Ikiwa moyo umetulia kabisa, au una umeme usiosukuma kitu, adrenalini hutolewa mapema iwezekanavyo. Ikiwa moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, mashine ya kuushtua kwa umeme hutangulia, na kanuni za Ulaya husema adrenalini ingoje mpaka baada ya mshtuo wa tatu.

Kipimo hicho cha miligramu 1 kina historia yake, na historia hiyo si ya fahari kama inavyoweza kudhaniwa. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wakiwa Baltimore huko Marekani, walichapisha taarifa iliyoonyesha kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kusukuma damu kwa mikono miwili tu juu ya kifua, bila kumpasua mgonjwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 majaribio ya wanyama yaliipa adrenalini heshima yake, na kipimo kikabaki kilekile kizazi baada ya kizazi. Baadaye wakatokea waliofikiri kwamba, kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na Ubelgiji na kutangazwa mwaka 1998, uliohusisha wagonjwa 3,327, uliwapa wengine miligramu 5 kwa kila dozi na wengine miligramu 1. Mioyo mingi zaidi ilianza kupiga kwa wale waliopewa dozi kubwa. Lakini waliorudi nyumbani kwao hawakuongezeka.

Kisha ukaja uchunguzi wa Uingereza, ambao ndio uliowatikisa wengi. Kati ya Desemba 2014 na Oktoba 2017 wahudumu wa magari ya wagonjwa katika idara tano za huko waliwahudumia watu 8,014 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali. Nusu yao walipata adrenalini na nusu walipata maji ya chumvi, bila mhudumu kujua ni kipi kilichomo katika bomba la sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya siku 30 waliokuwa hai kati ya waliopewa adrenalini walikuwa asilimia 3.2, na kati ya waliopewa maji ya chumvi asilimia 2.4. Dawa ilisaidia basi, japo kidogo. Ila kati ya walionusurika, wale wenye madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini na asilimia 17.8 upande wa pili. Yaani wengi wa walioongezeka katika hesabu ya walio hai walirudi wakiwa hawajiwezi.

Kuna tarakimu nyingine katika taarifa hiyo ambayo haikutajwa sana magazetini. Tangu simu ilipopigwa hadi gari lilipofika zilipita kama dakika 7. Lakini tangu simu ilipopigwa hadi dawa ilipoingia mwilini zilipita dakika 21. Hiyo ni Uingereza, penye barabara za lami, ramani, redio na wahudumu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu.

Wapo waliosema, na si bila sababu, kwamba ubaya haukuwa katika dawa bali katika kuchelewa kwake. Hesabu zilizokusanywa katika hospitali 570 za Marekani na kutangazwa mwaka 2014, zikihusu wagonjwa zaidi ya 25,000 waliosimama moyo wakiwa tayari vitandani, zilionyesha kwamba waliopata adrenalini katika dakika tatu za mwanzo walipona asilimia 12. Waliopata kati ya dakika ya 4 na ya 6, asilimia 10. Kati ya dakika ya 7 na ya 9, asilimia 8. Na waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 7. Hao walikuwa ni wale ambao mioyo yao isingefaidika na mashine ya kushtua. Kwa wale wanaohitaji mashine, hesabu nyingine za Marekani za mwaka 2016 zilielekea upande mwingine: waliopewa adrenalini haraka mno, mara tu baada ya mshtuo wa kwanza, walipona wachache zaidi. Ni kweli kwamba hesabu za namna hiyo hutazama mambo yaliyokwisha kutendeka na hazithibitishi chanzo cha kila kitu. Lakini zatosha kuonyesha kwamba dozi ileile yaweza kuwa msaada au hasara kulingana na dakika.

Sasa, dawa iliyochomwa katika mshipa wa mkono wa mtu ambaye moyo wake umesimama haina miguu. Damu haitembei, na dawa haiwezi kutembea bila damu. Itabaki pale pale penye kiwiko, kama barua iliyotiwa sanduku la posta katika kijiji kisichopitiwa na gari. Kinachoichukua na kuifikisha moyoni ni mikono ya mtu anayekandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au 6, bila kupumzika ovyo. Ndiyo maana waganga wenye uzoefu humfuatisha dawa hiyo maji ya sindano na kuuinua mkono wa mgonjwa, huku mwenzao kifuani asiruhusiwe kuacha. Mikono ikiacha, saa ya dawa haina maana tena, hata ingekuwa ya dhahabu.

Watafiti wa Uingereza walilikiri hilo wenyewe. Kwa hesabu yao, ilibidi watu 112 wapewe adrenalini ili mmoja zaidi anusurike. Wakaweka kando yake makadirio ya mambo mengine: kutambuliwa mapema kwamba moyo umesimama, mmoja katika kila 11, kukandamizwa kifua na mtu yeyote aliye karibu, mmoja katika kila 15, mashine ya kushtua kutumika mapema, mmoja katika kila 5. Kati ya mambo hayo manne, mawili hayahitaji chupa, sindano wala umeme. Yanahitaji mtu anayejua.

Hapo ndipo mjadala unapofika Kinampanda. Mtu akianguka huko, gari lenye mhudumu na adrenalini halipo njiani kwa dakika saba, na kujidanganya kwamba litakuwepo mwakani ni kupoteza muda. Serikali imepiga hatua kwa akina mama na watoto wachanga: mpango wa m-mama, wenye namba ya simu 115 isiyolipiwa, unatumia magari ya wagonjwa na pia madereva wa kawaida waliosajiliwa vijijini, na huo ni mpango wa kupigiwa mfano kwa sababu haukungoja kila kijiji kipate gari lake. Lakini mpango huo ni wa mama na mtoto mchanga. Mvuvi aliyezama katika Ziwa Kitangiri, mchimbaji mdogo wa Sekenke aliyefukuliwa hajapumua, fundi aliyeshikwa na waya tangu umeme ulipoingia vijijini, mzee mwenye shinikizo la damu aliyeanguka mnadani, wote hao kwa dakika kumi za mwanzo wamo mikononi mwa majirani. Na majirani, kwa jinsi hali ilivyo, aghalabu humpepea, humwagia maji usoni, au humbeba mbio mbio begani kumpeleka kituo cha afya. Huko kumbeba, ambako kila mmoja hukuona kuwa ndio wema, ndiko kunakozimaliza dakika zake.

Wapo watakaosema kwamba kukandamiza kifua kijijini ni kuahirisha kifo tu, kwa kuwa hakuna mashine ya kushtua wala chumba cha wagonjwa mahututi. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Kwa mtu aliyevuja damu nyingi katika ajali ya gari penye mteremko wa Sekenke, mikono juu ya kifua haitamrudishia damu. Kwake huduma ya kwanza ni kuzuia jeraha lisivuje. Kwa mwenye mshipa wa moyo ulioziba, mikono hununua muda tu, na muda huo lazima uwe na mahali pa kwenda. Lakini mtu aliyezama, aliyekabwa na chakula au aliyepigwa na umeme mara nyingi ana moyo mzima uliosimama kwa kukosa hewa au kwa mshtuko. Akipulizwa pumzi na kukandamizwa mara moja, wengine wao huamka hapo hapo, kabla ya dawa yoyote kutajwa. Watu wa aina hiyo Iramba si wachache, na wengi ni vijana.

Wala hoja hii si ya kuidharau adrenalini. Singida ni mkoa wa asali, na mtu aliyeshambuliwa na nyuki mwili ukaukataa ule sumu, akavimba koo na shinikizo likaanguka, hapaswi kusubiri. Huyo moyo wake bado unapiga, na nusu miligramu ya adrenalini katika msuli wa paja, ikichomwa mara ile ile, ndiyo itakayomwokoa. Zahanati isiyokuwa na chupa hiyo ndogo, au yenye chupa iliyopitwa na wakati, imejivua wajibu wake. Tofauti ni hiyo: kwa aliyeumwa na nyuki dawa hutangulia, kwa aliyesimama moyo mikono hutangulia. Muuguzi au tabibu anayezichanganya hali hizo mbili hatatofautiana sana na asiyekuwa na dawa.

Ushahidi kwamba jambo hili lawezekana katika mazingira ya Tanzania haupo mbali. Haydom, katika wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, ni jirani wa Mkalama, na Mkalama ilikuwa sehemu ya Iramba hadi mwaka 2012. Katika hospitali ya Kilutheri ya huko, mwaka 2010, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsisimua, na kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago katika dakika moja ya mwanzo. Hapakuwa na dawa katika somo hilo. Walipopimwa kwa mdoli wa mazoezi baada ya mafunzo walifanya vizuri sana. Lakini chumbani kwa wazazi, penye mtoto wa kweli, mambo hayakubadilika. Ndipo uongozi ulipoubadili utaratibu: badala ya semina, mdoli ukawekwa kazini penyewe, na kila mmoja akafanya mazoezi ya dakika chache mara kwa mara. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Habari hiyo ya Haydom ingefaa kubandikwa katika kila ofisi inayopanga semina. Siku moja ya mafunzo, yenye posho, chai na cheti, haikuokoa mtoto. Dakika chache zilizorudiwa ziliokoa. Mpango mkubwa zaidi uliojengwa juu ya msingi huo katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza ulitangaza matokeo yake mwaka 2025, na vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilikuwa vimeshuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mkoa wa Singida, ambao umepakana na Manyara, Tabora na Shinyanga, haukuwa miongoni mwa mitano hiyo.

Kuhusu watu wazima, Denmark ilifanya lililo karibu zaidi na kazi ya Kinampanda. Tangu mwaka 2005 shule za msingi za nchi hiyo ziliwajibika kufundisha kukandamiza kifua. Mwaka 2001 watu walioanguka na kusaidiwa na aliye karibu kabla ya gari kufika walikuwa asilimia 21; mwaka 2010 walikuwa asilimia 45. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Shule si sababu pekee ya mabadiliko hayo, na wenyewe hawakudai hivyo. Lakini katika kipindi hicho hakuna dawa mpya ya moyo uliosimama iliyogunduliwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono rai ya kuwafundisha watoto wote jambo hili kuanzia umri wa miaka 12, saa mbili kwa mwaka.

Tanzania haihitaji kwenda Denmark kujifunza namna ya kufundisha umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hawakuambiwa wangoje dawa. Waliambiwa wanachoweza kukifanya wenyewe kabla ya dawa, wakakifanya. Kiongozi wa kikundi cha namna hiyo anahitaji kujua kusoma na kuwa na subira. Na mwalimu wa shule ya msingi, kila mahali, ni mtu wa namna hiyo.

Basi kinachohitajika Kinampanda si kikubwa. Kila mwanachuo, kabla ya kwenda mafunzo ya vitendo, ajue mambo matatu kwa mikono yake: kumtambua mtu ambaye moyo wake umesimama na kutodanganywa na zile pumzi za kukoroma, kumkandamiza kifua na kumpulizia, mara 30 kwa 2, huku akimtuma mwingine kuita msaada, na kuendelea mpaka mganga afike. Mdoli wa kununuliwa ukikosekana, mto mgumu uliojazwa pamba ya Iramba yenyewe utatosha kufundisha mwendo na uvumilivu, maana anayedhani ni kazi nyepesi na ajaribu kwa dakika mbili mfululizo. Mazoezi yawe mafupi na yarudiwe kila wiki, kama Haydom, na yasigeuzwe kuwa sura nyingine ya kunakiliwa daftarini na kujibiwa katika mtihani.

Yapo mambo mawili ambayo uongozi wa wilaya lazima uyaseme waziwazi, kwa kuwa yatazuia watu wasiposemwa nayo. La kwanza ni hofu ya polisi. Wananchi wamezoea kwamba majeruhi huenda na PF3, na wengi hudhani kwamba kumgusa mtu aliyeanguka ni kujitafutia maswali. Waelezwe kwamba kuokoa maisha hutangulia fomu. La pili ni haya. Mwanamume ataogopa kuweka mikono kifuani mwa mwanamke asiye wake mbele ya watu. Wazee wa kijiji na viongozi wa dini, wakilitamka jambo hili wao wenyewe hadharani, watalimaliza kwa siku moja kuliko mabango mia.

Hospitali ya wilaya ipo Kiomboi, na waganga wake ndio watakaompokea mgonjwa ambaye mikono ya jirani imemweka hai njiani. Ndio pia watakaomchoma adrenalini kwa saa yake, wakijua kwamba damu imekuwa ikitembea. Kwa hiyo ni wao wanaofaa kuketi na wakufunzi wa Kinampanda, kabla muhula mpya haujaanza, kukubaliana ni nani atakuja siku gani, na dakika hizo chache za kila wiki zitakatwa kutoka kipindi kipi.